Mgeni Anayegongagonga Sakafu ya Kanisa

Uvumi ule ulining'ang'ania kama kupe: eti wajenzi wa zamani walizika mali chini ya kanisa letu la mawe na chini ya mahakama ya kale iliyo jirani yake. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana anayelifagia kanisa lile ni binti yangu, na ufunguo analala nao.

Ndipo akaja mgeni. Alisema anapima majengo yote ya kale ya wilaya ili yatunzwe. Kamera shingoni, maneno ya asali. Tukamwita Bwana Kipimo. Haukupita muda, akawa anamngoja binti yangu mlangoni mwa kanisa.

"Mama, ananipenda," binti akaniambia tukichambua mchele.

"Huwa anakuuliza nini?"

"Mambo ya kanisa. Wapi sakafu inalia kama debe tupu ukikanyaga."

"Na habari zako wewe, hajauliza?"

Akanuna. "Mama nawe! Ukiona kivuli, unakiita mwizi."

Siku mgeni alipokuja kwetu kujitambulisha, nilimtazama miguu kuliko uso. Viatu vimejaa vumbi la chokaa na udongo mwekundu.

"Hodi, mama mkwe!"

"Mkwe wa nani? Karibu kwanza. Udongo huo umeutoa wapi?"

"Kazini, mama."

"Mnapima kwa kamba siku hizi, au kwa sururu?"

Akacheka kwa meno, macho hayamo. Chai hakuimaliza.

Asubuhi nikaenda na binti kanisani. Tukakunja mkeka ulio nyuma ya mimbari, pale anapokaa kupumzika akishafagia. Chini ya mkeka mbao, chini ya mbao shimo, limechimbwa hadi chini ya nguzo. Na nguzo hiyo ndiyo iliyobeba dari. Nikainua macho: nguzoni ufa wa kuingiza kiganja, na mchanga unatudondokea mabegani.

"Alisema nimwachie ufunguo amalize kuchora jengo, nikampa," binti akanong'ona.

Nilimvuta mkono tukatoka mbio, mlango hatukufunga. Tukamwita mchungaji, akazuia watu wasiingie. Jumapili ibada ikafanyika uwanjani, na dari ikaanguka tukiwa katikati ya wimbo. Binti akanishika kanga.

Bwana Kipimo hakuonekana tena. Lakini nimesikia kuna mtu mwenye kamera ameonekana kwenye msikiti wa kale ng'ambo ya mto, na anamsifia sana binti wa mtunza msikiti. Labda ni mwingine. Mimi sina imani.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kumpa mgeni ufunguo wa jengo la kale, hata akiwa mchumba.

Kumwonyesha mtu mahali sakafu inapolia tupu.

Kukaa chini ya nguzo yenye ufa mpya.

Kumpokea mpimaji ambaye viongozi wenu hawamjui.

Kumwacha binti peke yake na mtu wa namna hiyo ndani ya jengo.

Kuingia shimoni wenyewe, eti muone kama mali ipo.