Kundi la Maji Matupu

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, manyunyu yakigonga vioo vya madirisha yasiyofunguliwa, Mama Usafi aliingia chumba cha panya akiwa na matumaini. Jina hilo alipewa kazini, naye hakulikataa. Kwa miaka sita alikuwa kibarua wa maabara, akiosha vizimba na chupa za maji. Ijumaa hiyo Daktari, mkuu wa maabara, angetoa barua moja tu ya ajira ya kudumu, na walioisubiri walikuwa wawili: yeye na Shemeji, mume wa dada yake, aliyekuwa mpimaji wa mizani.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kueleza. Panya majike wachanga waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilitiliwa kwenye maji kemikali inayojifanya homoni ya kike. Kundi la pili lilipewa maji matupu, ili Daktari apate wa kulinganisha nao. Baada ya wiki tatu, wachache wa kila kundi walipasuliwa na vizazi vyao kupimwa. Kizazi kilichovimba kilikuwa ushahidi dhidi ya kemikali.

"Shemeji, njoo uone maajabu," mpimaji alimwita, kwani waliitana hivyo. "Hawa wako wa maji matupu wana vizazi vizito kuliko wale wa dawa. Umewanywesha supu?"

"Nimewanywesha maji na mapenzi. Mizani yako imelewa."

"Mizani hainywi. Mlevi ni mimi, na leo sijagusa."

Mama Usafi aliinama juu ya trei, na mzaha ukamkauka mdomoni. Ovari za panya mmoja zilijaa vifuko vya maji. Wa pili alikuwa na chuchu za panya aliyekomaa, naye alikuwa mtoto.

Daktari alifika, akatazama, akanawa mikono. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na wafanyakazi wake waliiogopa kuliko makelele ya wengine.

"Kuna kitu kimeingia kundi la pili," alisema. "Ni chakula, maranda ya kulalia, au maji. Nitakipata."

Alipotoka, Mama Usafi alichukua chupa moja ya kundi la pili na kuipapasa. Plastiki ilikuwa imefifia kama jicho lenye mtoto wa jicho, na ilinata.

"Shemeji, nikikwambia kitu kitaishia hapa?"

"Mimi kaburi."

"Chupa za hawa nilikuwa naziosha kwa sabuni ya kusugulia sakafu. Halafu nazipitisha kwenye mashine ya mvuke mara mbili. Niliona hawa ndio wa maji matupu, basi chupa zao ziwe safi kweli kweli."

Maagizo ukutani yalisema: sabuni laini, maji mengi, basi. Chupa za kundi la kwanza aliziosha kwa hiyo sabuni laini tu, kwa kuwa zilikuwa za dawa na hazikumpendeza.

Shemeji aliinua chupa kwenye mwanga. "Plastiki imeiva hii. Imetapika kemikali yake yenyewe ndani ya maji, nayo inajifanya homoni vilevile."

"Nitamwambia Daktari."

"Una wazimu? Ngoja Ijumaa ipite."

"Kesho wengine watapasuliwa bure. Nitamwambia saa nane, akishakula."

"Haya, saa nane," Shemeji alisema. "Tulia kwanza. Uso wako unatisha panya."

Saa nane kamili alibisha mlango. Shemeji alikuwa ameketi ndani, na ile chupa ilikuwa mezani.

"Ndugu yako amenieleza," Daktari alisema.

"Nilikuwa nakuja kueleza mwenyewe."

"Umechelewa."

Shemeji alikuwa akikagua kamba za viatu vyake.

"Hujaniharibia kazi," Daktari aliendelea. "Umenipa jambo kubwa kuliko nililotafuta: chupa inayodhuru kuliko dawa. Nitaliandika."

Mama Usafi alisogea karibu na meza. "Kwa hiyo barua, Daktari..."

"Barua ni ya mtu anayefuata maagizo. Lakini panya sitini wa kundi lako waliobaki lazima wapimwe leo. Wamekuzoea, hawatahangaika mikononi mwako. Ukimaliza, acha funguo."

Aliwaingiza watano watano katika sanduku la gesi ya kuwaulia. Kila alipofungua kizimba, walimjia wenyewe na kumnusa vidole, kama walivyofanya kila asubuhi ya usafi. Alihesabu mizunguko kumi na miwili. Shemeji aliwapokea upande wa pili, akapasua, akapima, akaandika.

"Dada yako nitamwambia nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Msomee uzito uliouandika."

Baada ya hapo, mambo yalikwenda hivi. Daktari aliandika makala yenye jina lake peke yake, na sentensi moja kuhusu kosa la kibarua. Shemeji alipokea barua siku ya Ijumaa, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Dada alimpigia Mama Usafi simu mara tatu, naye hakuipokea. Na jioni ile ya Jumanne, Mama Usafi aliosha sanduku la gesi kwa sabuni laini na maji mengi, kama maagizo yalivyotaka, akaweka funguo mezani na kwenda nyumbani.