Kimya cha Namba Tisa

Jumanne hiyo, kabla uji haujapoa, Tabby alikuwa ameshamaliza mahubiri mawili na tangazo moja la mazishi. Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti. Wahubiri wa Section 58, mtaa wake huko Nakuru, walimletea rekodi zao kwenye simu na flash, naye akazipitisha kwenye Audacity, programu ya bure ambayo haijawahi kumdai leseni wala kumuuliza anachokata. Alikuwa fundi hasa. Kikohozi cha mzee wa kanisa alikitoa ukadhani mzee hajawahi kuugua kifua.

Saa tatu akaja Jamleck, afisa wa kampuni iliyotaka kuchimba mawe Namba Tisa, shamba la zamani la mzungu huko juu ya Elburgon. Alikuwa amerekodi mkutano wa wananchi, ule ambao sheria inataka ufanywe kabla mashine hazijapanda.

"Niaje Tabby. Hii recording iko na gap kubwa hapo katikati. Itoe tu. Prayer pia uikate, lakini ile Amina uiwache."

"Gap ya nini?"

"Watu walinyamaza. Ni kitu ya kawaida. Ukinifanyia hii poa, recording zote za kampuni zitakuwa zako."

Jamleck hakujua kwamba Tabby alizaliwa Namba Tisa, kwamba mamake, Wariara, bado aliishi huko, na kwamba babake alizikwa huko huko, kwenye pembe ya shamba la viazi. Tabby hakumwambia. Alikuwa amechoka kungojea wateja, na kazi ya kudumu haiji kila siku kubisha hodi.

Akavaa headphone zake zilizofungwa selotepu. Kwenye rekodi, Jamleck aliuliza, "Mnakubali makaburi yahamishwe?" Kisha mstari wa bluu unaochora sauti kwenye kompyuta ukalala, ukaendelea kulala kwa dakika kumi na moja na sekunde nne. Hakikuwa kimya kitupu. Watu hamsini na kitu walikuwa wakipumua. Benchi lililalamika. Kuku alipita. Mwishowe mchungaji alifunga kwa maombi, na watu wakasema Amina.

Tabby aliweka alama pale kimya kilipoanza, akaivuta hadi mwisho wa maombi, akabonyeza Delete. Aliposikiliza tena, Jamleck aliuliza swali lake na watu wakamjibu Amina papo hapo, kwa sauti moja. Hakuongeza neno. Wala hakuna mwanakijiji aliyekatwa neno lake, maana hawakuwa wamesema lolote. Ndivyo alivyojiambia, na alijua kwamba anajidanganya.

Kesho yake, saa nane na dakika ishirini mchana, kimya kikaingia nyumbani kwake.

Maombi aliyoyakata hayakuja. Labda yalikuwa yamefika yalikokuwa yakienda. Kimya kilikuja peke yake, kikaanzia mezani kwenye kompyuta, kikaenea hadi mlangoni. Maharagwe yaliyokuwa yakitokota jikoni yaliendelea kutokota bila sauti. Tabby aliangusha kijiko makusudi, kijiko kikatua sakafuni kama kimetua juu ya blanketi. Kilichosikika ni pumzi za watu hamsini na kitu, kisha benchi, kisha kuku. Nyumba hiyo haikuwa na benchi wala kuku. Baada ya dakika kumi na moja na sekunde nne, sufuria ikarudia kelele zake.

Kikaja Alhamisi, kikaja Ijumaa. Kufikia wiki ya pili kilikuwa kimeenea ploti nzima ya vyumba vya kupanga. Kuluthum, jirani aliyekaanga viazi karai nje ya mlango wake, alijifunza kuangalia rangi ya viazi badala ya kusikiliza mafuta. "Tabby, wageni wako wamekaribia," angesema ikibaki kidogo, akizima redio isije ikala betri bure. Akina mama walilaza watoto saa hiyo. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwahi kupanga nyumba katika ploti ile.

Aliyekosa raha ni Tabby peke yake. Katika zile pumzi aliitambua moja, ya karibu na mlango, iliyokatika kidogo kabla ya kutoka. Alilelewa amefungwa mgongoni mwa pumzi hiyo.

Akafungua tena ile kazi. Alikuwa na mazoea ya kuhifadhi rekodi ya asili, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Akarudisha kimya mahali pake, akaipeleka flash ofisini kwa Jamleck. Jamleck aliisikiliza yote, dakika zote kumi na moja, mikono mezani, kwa heshima.

"Iko clean," alisema. "Shida ni ile ingine ilishapigwa muhuri."

"Hii ndiyo ya ukweli."

"Najua. Mimi si nilikuwa huko?"

Mashine zilipanda Namba Tisa mvua ilipokatika. Makaburi kumi na tisa yalihamishwa. Babake Tabby aliwekwa kwenye makaburi ya mjini, chini ya nambari iliyopakwa rangi nyeupe, na manyunyu ya kwanza yakaifuta. Recording zote za kampuni zikaja kwa Tabby, kama alivyoahidiwa. Baruti ilipopasua ukuta wa nyumba ya Wariara, mama akashuka Nakuru kuishi na bintiye, akiwa na gunia la viazi na koti la marehemu.

Siku ya kwanza, saa ilipofika, kimya kikaingia. Wariara hakushtuka. Aliketi wima akisikiliza, akihesabu kwa vidole.

"Yule anapumua na mdomo ni Kamande," alisema kilipotoka. "Mwenye kusumbua benchi ni Milcah, mguu ilikuwa inamuuma. Mimi niko hapa kwa mlango."

Tabby alifunga kompyuta.

"Tulikuwa tumepatana mtu asifungue mdomo," mama aliendelea. "Neno lako watu wanaweza kuligeuza. Sasa mtu akinyamaza, utamgeuza aje?"

Tangu hapo mama aliketi na watu wa kimya hicho kila siku, kama alivyoketi nao mkutanoni. Tabby aliona aibu hata kumpita hapo alipokaa. Siku moja, ikibaki dakika moja tu kimya kiingie, Wariara aliuliza bila kugeuka.

"Tabby, wewe ndio uko na hii kazi ya sauti. Ni nani alitutoa kwa recording?"

Tabby alingoja. Alingoja mpaka mafuta ya Kuluthum yalipoacha kulia huko nje, ndipo akafungua mdomo.

"Ni mimi, mama," alisema. Midomo ikaenda, ulimi ukaenda, na kilichosikika ni Kamande akipumua. Alieleza yote: Jamleck, ile Amina, kazi aliyoitamani. Alilia katikati, akaendelea. Muda wote huo Wariara alimtazama mdomo.

Mafuta yakaanza tena kulia.

"Umemaliza?" mama aliuliza. "Sasa sema nisikie."

Tabby alijifuta uso kwa kiganja.

"Nilikuwa nauliza kama nipashe chai."

Wariara alitazama thamosi iliyokuwa mezani kati yao, chai ikiwa moto ndani yake tangu saa sita. Akaishika, akamsogezea bintiye.

"Pasha," alisema.