Masikio Yote Mawili Yaonekane

Mji mzima ulimwita Mama Usicheke, na jina hilo alikuwa amelichuma kwa jasho lake mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alipiga picha za vitambulisho na pasipoti katika chumba kimoja chenye stuli, taa mbili na shuka nyeupe ukutani, na kila aliyeketi kwenye ile stuli aliimbiwa wimbo uleule: "Kaa wima. Masikio yote mawili yaonekane. Usicheke." Ukicheka, unaanza upya. Hata vichanga vya wiki tatu vilikemewa, na, amini usiamini, vipo vilivyotii.

Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, kilikuwa cha Fundi, mshonaji wa nguo, rafiki yake wa kufa na kuzikana; kila mmoja alifanya kazi na kulala humohumo chumbani mwake, kitanda nyuma ya pazia. Fundi ndiye aliyeipiga pindo ile shuka. Ndiye pia aliyeshona koti jeusi lililotundikwa nyuma ya mlango, la kuwaazima wateja waliokuja na fulana zilizochoka. Ukivitazama vitambulisho vya mji ule, nusu ya watu wamevaa koti hilohilo: karani, muuza mkaa, bwana harusi, wote. Kola ikigoma kukaa sawa, Mama Usicheke aligonga ukuta mara tatu. Cherehani upande wa pili ilinyamaza, na Fundi akaingia na pini zake mdomoni.

Sasa Fundi alikuwa anahama. Binti yake alikuwa amejifungua pacha, mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na alimtaka mama yake akakae naye moja kwa moja. Basi lilikuwa la Jumatatu saa nne asubuhi. Rafiki yao Nesi, wa zahanati, na mumewe, ambaye wote wawili walimwita Shemeji, wakasema haiwezekani mtu aondoke hivihivi kama mvuke wa chai. Jumapili wakapakia kwenye pikapu mikeka, chupa mbili za chai na mayai ya kuchemsha, wakawachukua hadi vilimani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha juma lile na maua ya porini yalikuwa yamefumuka bila adabu, hata katikati ya njia.

Fundi alikuwa ameomba kitu kimoja tu.

"Miaka yote hii, bibi wee, na hatuna hata picha moja ya pamoja! Wewe kila siku uko nyuma ya kamera. Nataka moja ya kuondoka nayo. Na ya simu sitaki, simu huanguka chooni. Nataka ya kamera yako."

"Utapata," alijibu Mama Usicheke, akageuka kwenda kupiga picha ua.

Na hivyo ndivyo alivyoshinda. Shuka nyeupe alikuja nayo. Kila ua lililomvutia, Nesi na Shemeji waliamriwa kushika ncha na kuitandaza nyuma yake, naye akapiga magoti kwenye umande na kulipiga uso kwa uso, kama linakwenda kuomba pasipoti. La njano, la zambarau, jekundu lenye madoadoa. Kinyonga mmoja aliyekuwa anajipitia zake naye akawekewa shuka, akaduwaa, asijue ageuke rangi gani.

"Huyu ni yule karani wa posta," Fundi alisema, akilionyesha ua lililoinamisha kichwa. "Mtazame, hataki kumhudumia mtu."

"Na hili lililojipanua ni mwenye nyumba wetu," alidakia Nesi.

"Nyamazeni, mnamtikisa mteja wangu," Mama Usicheke alifoka, lakini mabega yake yenyewe yalikuwa yanatikisika.

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Kila kicheko kilipotulia, Fundi alisema, "Sasa yetu," na kila aliposema hivyo Mama Usicheke aliona kipepeo mahali fulani. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha watu wanaokwenda mbali. Alikuwa amewapiga maelfu, wakamwambia asante, wakaenda. Kichwani mwake, Fundi asipopigwa, Fundi hajaondoka. Ni ujinga, naye alijua ni ujinga, lakini moyo haufundishwi.

Baada ya chai, Shemeji akanong'ona, "Digidigi!" Kweli, karibu na kichaka cha miiba alisimama swala mdogo kupita mbuzi, miguu kama vijiti vya kuchokolea moto. Mama Usicheke akalala kifudifudi. Mtu mwingine angebonyeza hapohapo. Yeye akangoja, kwa sababu mnyama alikuwa amesimama kiubavu na sikio moja halionekani.

"Geuka, baba," akambembeleza kwa sauti ileile ya kutulizia vichanga. "Geuka kidogo. Sikio la pili, mwanangu."

Fundi akapasuka kicheko. Digidigi akaruka, akatokomea.

Alirudi mara tatu, na mara tatu mambo yakawa yaleyale. "Subira yavuta heri," Mama Usicheke alisisitiza, kamera ikiwa imewaka muda wote huo. "Yavuta heri, haivuti digidigi," Fundi akamjibu. Jua likaanza kushuka. Nesi na mumewe wakateremka kijitoni kusuuza vikombe, na ndipo taa nyekundu ya betri ilipoanza kupepesa.

Mama Usicheke akapekua mkoba wake. Betri ya akiba ilikuwa nyumbani, kwenye chaja, ukutani.

"Imekwisha?" aliuliza Fundi. Safari hii hakuwa anacheka. "Karani wa posta umempiga mara kumi na moja. Nimehesabu. Kinyonga umempiga. Mimi je? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi sema!"

"Nikikupiga unaondoka!" Ikamtoka kwa kelele, na machozi juu. "Haya, nimesema. Wote ninaowapiga wanaondoka. Nani atanijibu nikigonga ukuta?"

Fundi akapangusa pua kwa upindo wa kanga yake. "Mwanamke wewe, tiketi nimeshakata, na basi halingoji picha. Nitaondoka tu. Tofauti ni kwamba nitaondoka mikono mitupu." Akainama kwenye kikapu chake, akatoa koti jeusi. "Nililichukua asubuhi nyuma ya mlango. Miaka yote nimewavika watu, mwenyewe sijawahi kulivaa."

Mama Usicheke akajifuta macho. Liwalo na liwe. Akaikunja mikeka juu ya boneti ya pikapu, akaiweka kamera, akaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akatimua mbio.

"Shuka je?" Fundi aliuliza.

"Iache, ina tope!"

"Koti anavaa nani?"

Hapakuwa na wakati wa kubishana. Fundi alikuwa ametia mkono wa kulia. Mama Usicheke akachomeka wa kushoto, wakabanwa bega kwa bega ndani ya koti moja kama pacha. Wanawake wawili walioshiba, koti moja la kuazima. Akanyoosha shingo. Mazoea yana nguvu. "Kaa wima," akasema. "Usiche..."

Mshono wa mgongoni ukaachia: chwaaa!

"Mshono wangu!" alipiga yowe Fundi.

Kamera ikalia, kisha ikazimika kabisa. Haikuwaka tena hata walipoipapasa na kuibembeleza. Walirudi mjini pasipo kujua kama kuna picha au hakuna.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla hata ya kunawa uso, Mama Usicheke alitia betri iliyojaa. Picha ilikuwapo. Vinywa wazi, macho yamefumbwa, Fundi amepinda kama ndizi, kilemba chake kimefunika masikio yote. Angekuwa mteja, angeirudia. Akaikuza, tena, halafu akaona kitu nyuma ya bega la Fundi, akagonga ukuta mara tatu kwa ngumi.

Upande wa pili vitu vilikuwa vimeshafungwa, chumba kitupu, na mlio ulirudi mkubwa. Fundi alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Nyuma yako," alisema Mama Usicheke. "Tazama."

Mbele ya kichaka cha miiba alisimama digidigi. Wima. Uso kwa kamera, masikio yote mawili yanaonekana, na hacheki.

Fundi alikaa kwenye ile stuli, akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka. Kisha akaomba koti, akalishona mshono palepale kwa mkono, kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulikuwa ndani ya mizigo. Saa nne alipanda basi, nakala ya picha ikiwa kifuani, chini ya blauzi.

Mama Usicheke alirudi na moyo mzito, ila haukuwa mtupu. Pale dirishani, alipokuwa amebandika picha ya mfano ili wateja waone picha halali inavyotakiwa kuwa, akabandika ya kwao. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori mwenye fulana iliyotoboka. Akavalishwa koti, akaketi, akanyoosha kidole dirishani.

"Samahani, mama. Hapo aliyekaa sawasawa ni nani?"

"Huyo wa nyuma."

Dereva akatazama vizuri, na kicheko kikamshika. Akajaribu kukimeza, akashindwa, akaomba radhi. Mama Usicheke akaishusha kamera, akaegemea ukuta wa Fundi.

"Usijali, baba," alisema. "Cheka kwanza. Ukimaliza, tutapiga."