Afande Amerudi na Gamba

Jumamosi asubuhi mpima macho alikuwa mezani kwake, miwani ya kazini puani, anasugua mshono wa mbwa kwa tupa ya kucha. Mbwa alienea kiganjani. Alikuwa wa resini, ule uji unaomiminwa kwenye kalibu ya mpira ukaganda ukawa mgumu kama kigae, na mgongoni alibeba gamba la konokono. Ndiyo kazi ya Fundi Gundi hiyo: husaka midoli ya zamani, huitolea kalibu, huimimina upya, kisha huipachika kiungo kisicho chake. Kabatini mwa mpima macho tayari walikuwamo dubu mwenye mkia wa samaki na bata mwenye kwato, na wote walikuwa na adabu zao.

Wakusanyaji wenzake hawaugusi mshono. Ule mstari mwembamba zinapokutana nusu mbili za kalibu ndio ushahidi kwamba kitu kimetoka mkononi mwa mtu, na anayeuondoa hutazamwa kama aliyefuta sahihi ya fundi. Lakini mpima macho havumilii mstari uliopinda, ni ugonjwa wa kazi. Akasugua mpaka tumboni. Mshono ulipoisha, mbwa akapiga chafya, akateremka kwa mguu wa meza, akaelekea sebuleni alikokaa Baba. Alipokifikia kiatu chake akaanza kunguruma.

"Funga mlango, vumbi linaingia," alisema Baba.

Baba akahamia barazani, mbwa akamfuata. Kwa sababu ya lile gamba mwendo wake ulikuwa wa kusuasua, Baba aliweza kumaliza kikombe cha chai kabla hajafikiwa, ila alifikiwa. Akahamia chumbani, huko nako akafikiwa. Jirani aliyekuja kuazima ngazi hakungurumiwa hata kidogo. Alimruka mbwa, akasema, "Huyu sauti imemzidi umbo," akaenda zake na ngazi.

Jioni mpima macho alimwinua akamtazama kwa lenzi. Kwenye sikio la kushoto kulikuwa na alama za meno mawili madogo.

Alama zile alizijua. Ni za mdogo wake, alipokuwa anaota meno na kutafuna kila kitu, na aliyetafunwa zaidi ni mbwa wake wa mpira, aliyeitwa Afande. Siku moja Afande akatoweka. Baba akasema dada mtu amemtupa jikoni motoni, kwa wivu. Binti akachapwa, akalia, akakana, nani amsikilize? Tangu hapo jina lake nyumbani likawa Mchoma Mbwa. Walimtania nalo hata siku ya harusi yake, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Utani, sawa. Lakini mdogo wake hajawahi kumwachia wanawe hata kwa saa moja, na huo haukuwa utani. Ulimuuma. Na baya zaidi, kwa kuambiwa sana alikuwa ameanza kujiuliza kama kweli alimchoma, akasahau.

Akampigia fundi simu.

"Huyu mbwa wa konokono, yule wa asili ulimpata wapi?"

"Kwa marehemu mwenye malori. Wanawe walikuwa wanauza vitu vya nyumba, nikamkuta kwenye sanduku la midoli ya dada yao. Kwani ana kasoro?"

"Hana. Nimemsugua mshono."

"Lo, mama! Basi usinirudishie."

Mwenye malori ndiye aliyekuwa bosi wa Baba, maisha yake yote ya udereva. Mpima macho akakaa sakafuni, akacheka huku machozi yanamtiririka. Hakumchoma. Alirudia kwa sauti, apate kujisikia: hakumchoma.

Kesho yake mdogo wake akaja kumwamkia Baba, wanawe kawashika mikono kama kawaida. Mbwa akanyamaza. Mdogo mtu akainama, akaliona sikio. Kisha akapiga mluzi, ule wa utotoni. Mbwa akaanza kumjia. Wote wakasubiri, maana safari ya kutoka kwa Baba hadi kwake ilichukua muda wake. Alipofika akapanda juu ya kiatu, akajikunja, akalala.

"Dada," alisema mdogo mtu. "Kumbe."

"Kumbe."

"Na mimi nilivyokununia miaka yote hii!"

"Ulininunia kisawasawa. Kaa unywe chai."

Wakamgeukia Baba.

"Mtoto wa bosi alimpenda," alisema Baba. "Ningefanyaje? Na chai hii haina sukari."

Pole hakusema, na hakuna aliyengoja aseme. Wiki hiyohiyo watoto walikuja kulala kwa shangazi yao, wakamaliza biskuti zote na kumvua bata kwato moja. Yeye aliwafunika shuka, akalala usingizi wa pono.

Baba hajabadilika. Wageni wakija bado huwasimulia jinsi bintiye alivyomchoma mbwa wa mdogo wake, na wageni hucheka. Chini ya kiti mbwa hunguruma, Baba huongeza sauti. Mpima macho hupita na sinia, akiliruka gamba.

"Kinachonguruma ni nini?" mgeni mmoja aliuliza juzi.

"Ni yule niliyemchoma," alisema mpima macho, akamwongeza chai.