Kinyago Kilichokuja Kuota Moto

Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, Kreszenz Bellwald alikuwa akikaanga maandazi membamba ya Kanivali, sherehe za kabla ya mfungo, mlango ulipopigwa teke. Kikaingia kinyago: uso wa mti wenye meno ya ng'ombe, ngozi za mbuzi, kengele kiunoni, glavu zilizochovywa masizi.

"Severin, futa miguu," alisema bila kugeuka. "Nimepiga deki."

Hakikuwa na miguu. Kilikwenda kukaa kwenye benchi la jiko, na Kreszenz alipouinua ule uso ili amwone mumewe, ndani hamkuwa na mtu, aliona ukuta wa nyuma tu. Akaurudisha sawasawa, asije akaonekana mpekuzi, akakipa andazi. Likaliwa.

Kilichomkera kilikuwa kingine. Katika bonde lao vinyago huvaliwa na makapera. Mwenye kuoa hukitundika chake siku ya harusi, na Severin alikitundika mbele ya padri na wakwe, akaapa. Asubuhi ile alikuwa ameaga anakwenda kumzalisha ng'ombe wa Ignaz.

Jirani yake Adelina akaingia kuomba siagi. Alikiona kinyago, akavuta kiti.

"Hee, mwaka huu kimekuja kwako! Mwaka jana kilishinda kwangu, kikanimalizia jibini."

"Kinatoka wapi?"

"Kwa mdogo wako Ottilia, wapi kwingine? Mumeo akishakivua hukiacha nje, na baridi hii. Kitu kina roho, mwenzangu, hata kama hakina mwili."

"Mmejua tangu lini?"

"Mimi? Najua kama anavyojua kila mtu. Tungekwambiaje? Aliyevaa kinyago haulizwi jina, ndiyo mila."

"Mila ya makapera."

"Basi akikivaa hujiona kapera." Adelina akacheka, akagundua anacheka peke yake, akabeba siagi yake na kwenda zake.

Jioni Ottilia akapita kurudisha bakuli. Kisogoni alikuwa na alama nyeusi za vidole.

"Dada, maandazi yananukia mpaka barabarani."

"Tulia," alisema Kreszenz. Akalowesha ncha ya aproni kwa mate, akamfuta shingo kama alivyomfuta tangu mama yao alipofariki. Ottilia akatulia. Akala maandazi mawili, akakisalimu kinyago, akaondoka.

Severin alikuja kula supu. Alikikuta kinyago mahali pake.

"Sogea," alikiambia. Kikasogea.

"Ng'ombe wa Ignaz?" aliuliza Kreszenz.

"Mkaidi. Ndama kakaa vibaya, itabidi nirudi."

"Utamkuta safi. Nimemfuta masizi mwenyewe."

Severin aliacha kutafuna. Akaitazama supu, akaona bado ya moto, akaimaliza. Kisha akavaa koti, vifungo vyote.

"Asante," alisema. "Ottilia huwa hafikii mwenyewe kule kisogoni."

Akakigeukia kinyago. "Twende?"

Kinyago kikatikisa uso wake wa mti. Kilikuwa karibu na moto, na nje theluji ilikuwa imeanza tena.

"Haya, kaa. Niangalizie mke wangu."

Kinyago kikamwitikia kwa kichwa, taratibu, kama wanaume wanavyoitikiana. Severin akafunga mlango polepole ili joto lisitoke.