Buluu ya Zadock Were

Saa nne asubuhi, Jumanne moja ya mwaka 1973, mtu ambaye Milcah hakumjua aliingia katika maabara ya hospitali, karibu na Barabara ya Ngong, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Alivaa suti nyeusi yenye udongo mwekundu mabegani.

"Jina lako?" Milcah aliuliza.

"Zadock Were. Mlinipima Januari. Nilizikwa Machi."

"Pole, mzee."

Akafungua daftari. Zadock Were, karani, mtaa wa Jamhuri. Uvimbe wa utumbo mpana. Haukushika rangi: si saratani.

Kazi ya Milcah ilikuwa kukata nyama ya uvimbe iliyogandishwa, nyembamba kuliko karatasi, na kuitia rangi. Kwenye saratani kuna kimeng'enya kinachoongezeka, na nyama hugeuka buluu iliyokolea. Uvimbe usio na hatari hubaki umepauka. Lakini kimeng'enya hicho hakidumu. Nyama ikikaa mezani saa chache kabla ya kugandishwa, hupauka yote, ya heri na ya shari. Trei nyekundu ilitoka wodi ya wanaolipia, nayo ilitangulia. Trei nyeupe, ya wasiolipia, ilisubiri mpaka baada ya chakula cha mchana.

"Ni wewe ulinipima, daktari?"

"Mimi si daktari. Lakini ni mimi."

Zadock hakumgombeza. Alichovya kidole kwenye bakuli la rangi. Buluu ikapanda mkono, ikapita begani, ikashuka ndani ya shati na kukusanyika upande wa kushoto wa tumbo, pana kama sahani.

Bwana Mungai, mkuu wa maabara, alitoka ofisini na kikombe cha chai. "Mzee, hiyo rangi inaagizwa Ulaya. Toa mkono. Na hili benchi ni la walio hai."

"Nikiwa hai nilikaa hapahapa," Zadock alisema. "Hakuna mtu aliniita."

Kisha akamgeukia Milcah. "Alhamisi dada yangu Lornah, wa kule Uthiru, anatolewa kipande. Shida ni ileile. Ana watoto wanne. Kipande chake kisingoje."

"Hakitangoja."

Jumatano walikuja wafu wengine sita wa trei nyeupe. Waliketi kwa kupangana. Mungai aliagiza benchi la pili. Utaratibu wa trei hakuugusa.

Alhamisi trei zilifika pamoja saa tatu. Mungai alisimama mlangoni.

"Milcah, ukianza na nyeupe, kesho utaosha chupa."

"Chupa nazo zinahitaji mtu, Bwana Mungai."

Aligandisha kipande cha Lornah, akakikata, akakitia rangi. Kikawa buluu kabla chai ya Mungai haijaisha. Milcah aliandika: saratani. Akatia sahihi, akapanda ngazi ghorofa tatu, akamkabidhi daktari wa upasuaji ile karatasi mkononi.

Ijumaa asubuhi Lornah aliingizwa chumba cha upasuaji. Milcah alikuwa amekunja mikono ya koti, akiosha chupa kwenye sinki la koridoni. Mle maabarani, trei nyekundu ilitangulia.

Zadock alisimama, akafunga kifungo cha koti kwa kidole chake cha buluu, akapita sinkini.

"Asante, daktari," alisema.

Safari hii Milcah hakumsahihisha. Kwenye benchi wale sita walisogea kuziba nafasi yake, wakaendelea kusubiri.