Nyumba ya Saa Saba na Dakika Saba

Papa Polycarpe alifundisha jiografia miaka thelathini na miwili, na tangu astaafu alikuwa na kazi moja tu ya asubuhi: kuzitia ufunguo saa zake kumi na mbili. Zilikuwa saa za mfukoni za watu wa reli, nzito, zenye tarakimu kubwa za kumfaa dereva wa treni mwenye moshi machoni. Alizilaza juu ya kabati la sebuleni, mtaa wa Nguba, Bukavu, mji ambao haujawahi kuona treni.

Kumi na moja alizikusanya kwa miaka kumi na tisa kutoka kwa wajane wa wafanyakazi wa reli, Uvira na Kalemie, na hakuna hata moja aliyoiacha isimame. Mkewe, Maman Adolphine, alikuwa akisema saa hizo zimelelewa vizuri kuliko Charlène, binti yao wa pekee. Ya kumi na mbili ililetwa na Guylain, fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Kamituga. Guylain alimpenda Charlène, na alijua kwamba mzee hamtaki.

Mzee hakuwa na neno na kijana mwenyewe. Neno lake lilikuwa barabara. Kutoka Bukavu hadi Kamituga si mbali, lakini wakati wa mvua lori huchukua siku nne, tena dereva awe hodari.

"Mutoto yangu akigonjwa kule," alimwambia mkewe, "nitafika siku ya matanga."

Alisema hivyo akiwa amegeukia dirishani, maana alimpenda Charlène kupita kiasi na hakutaka mtu auone uso wake.

Saa, hata hivyo, aliipokea. Alifungua kioo, akavuta kijiti kidogo cha pembeni kinachoruhusu mishale kugeuzwa, kwa sababu saa ya reli haikubali kurekebishwa kwa bahati mbaya, akailinganisha na wenzake mpaka zote kumi na mbili zikaenda sekunde moja. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Saa saba na dakika saba mchana nyumba ilipiga honi, ikaondoka.

Ilikwenda taratibu hadi mwisho wa avenue, kisha ikashika mwendo. Maman Adolphine alikuwa akipika sombe, majani ya mihogo. Alishika sufuria kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine. Jirani, Maman Cibalonza, ambaye kamba yake ya nguo ilifungwa kwenye nondo za dirisha lao, aliwafuata hatua chache.

"Papa Polycarpe, munaenda na mashuka yangu."

"Tutakurudishia, maman. Saa gani, sijue bado."

Saa tisa na dakika ishirini walikuwa Kamituga. Nyumba ilisimama kando ya soko dakika kumi, ikageuza, na saa kumi na moja na nusu ilikuwa imekaa tena juu ya msingi wake, mashuka yamekauka vizuri. Kesho yake ikafanya vilevile. Papa Polycarpe aliandika ratiba, akaibandika mlangoni. Chef wa avenue, kiongozi wa mtaa, alikuja mara moja tu, kuomba honi isipigwe Jumapili watu wakiwa misani.

Wiki chache baadaye mzee alikubali angalau kuwasikiliza wazee wa Guylain, na mahari ikapangwa Jumamosi. Kwenye mialiko waliandika saa nne, kwa kuwa Bukavu ukitaka watu wa saa saba huandika saa nne. Tatizo lilikuwa wakwe. Nyumba ilikuwa ikisimama karibu na mlango wao kila siku, lakini wazee wa Guylain walikataa katakata kuipanda. Mtu hawezi kwenda kubisha hodi kwa wakwe akiwa tayari amekaa sebuleni mwao. Walipanda lori Jumanne, pamoja na mbuzi wanne na ng'ombe mmoja.

Jumamosi saa saba kamili hawakuwa wamefika.

"Papa, simamisha saa moja tu," Charlène alimwomba. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Hata ile ya Guylain."

"Saa ya reli haisimamake, mutoto yangu," alijibu, na aliona uchungu kumjibu hivyo.

Wakaondoka na wageni arobaini, vyakula na kwaya. Waliochelewa walikuta msingi mtupu na kuku wa Maman Cibalonza.

Njiani, walipokwisha kupita mji wa Mwenga, walilikuta lori la wakwe limezama hadi ekseli. Guylain alikuwa kwenye tope hadi magotini, amevaa suti. Ratiba haikuwa na kituo pale, na nyumba ilikuwa inapita zake, mpaka shangazi yake Guylain alipovua kitenge chekundu na kukipunga. Nyumba ikafunga breki, kwani kitu chochote cha reli kikiona nyekundu husimama. Wazee walijipangusa tope, wakajipanga mbele ya mlango.

"Hodi," walisema.

"Karibuni," alijibu Papa Polycarpe, na hapo heshima ikawa imetimia.

Ng'ombe alisimama kwenye korido. Mazungumzo yalimalizika kabla ya Kamituga. Papa Polycarpe alisema ndiyo, kwa sababu Kamituga sasa ilikuwa mwendo wa saa mbili na kidogo, akalia mbele ya wote bila kujificha. Walifika wamechelewa dakika kumi na moja. Hilo lilimsumbua hadi Pasaka.

Charlène akahamia Kamituga, akawa anakuja kwao kila akimkumbuka mama yake. Wagonjwa nao walianza kupanda, na wamama wenye magunia ya mihogo, na mwalimu mmoja ambaye hakuwa na safari, alipenda kochi tu. Barabara ilibaki tope.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata alikuja Ignace, injinia aliyetumwa kukagua kama matengenezo ya barabara, ambayo makaratasi yalisema yamekwisha, yamekwisha kweli. Gari lake halikuweza kupita, kwa hiyo alipanda nyumba. Alikunywa chai, akala ndagala, dagaa wa ziwani, akaandika.

"Safari iko muzuri, papa. Hakuna kutikisika, hata secousse moja."

"Barabara haiko hii nyumba, monsieur l'ingénieur. Angalia kwa dirisha."

Ignace hakuangalia.

"Nikiandika barabara iko mubaya, bataniuliza hii nyumba inapita wapi. Itabidi tuisimamishe." Alisogeza mezani kwa upole karatasi iliyosema barabara imekwisha. "Kunahitajika shahidi mumoja."

Charlène alikuwa amekaa upande wa pili, mikono juu ya tumbo la miezi saba, akirudi kwa mumewe. Papa Polycarpe alimtazama kitambo. Kisha akachukua kalamu, akasaini, na kando ya jina akaandika saa, dakika na sekunde, kama inavyotakiwa kwenye hati za reli.

Ignace alimwomba Charlène avute pazia, akisema jua linamuumiza macho. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na watu kama thelathini walikuwa wanasukuma lori. Charlène akavuta pazia.